Bi Punda Milia Aliyefagia Mboga Zake

Paukwa!

Pakawa!

Hamna nguvu. Ugali mmeumaliza wote, sauti mmeziacha kwenye sufuria? Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa nini?

Pakawa ngano!

Haya. Ngano na ije, uongo na uje, na kila mtu aendelee kuambua kunde zake, maana mikono haina masikio. Wanasema anayehadithia mchana huota mkia. Mimi msinihurumie. Wangu uliota zamani, nimeukalia.

Hapo zamani, zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajajua kufunga kanga, wanyama walijenga nyumba, wakapanda mboga na kusengenyana, kama sisi tu. Katika kijiji kimoja pembezoni mwa mbuga aliishi Bi Punda Milia na binti yake wa pekee, jina lake Mashavu.

Bi Milia alikuwa mama mwema. Nalisema hilo mapema, ili nikianza kumcheka msidhani namchukia. Alikuwa mwema, alikuwa mkarimu, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ufagio.

Alfajiri, jogoo hata koo hajasafisha, Bi Milia yuko uwanjani, ufagio wa chelewa ameuuma kwa meno. Shwa, shwa, shwa! Anafagia kwenda, anafagia kurudi. Akimaliza, uwanja mzima una mistari. Hapo husimama katikati, akatazama uwanja, akatazama tumbo lake, akafurahi. Nyumba na mwenye nyumba wamevaa sare.

"Mgeni haoni moyo wako," alipenda kusema. "Mgeni anaona uwanja wako."

Sasa, uwanjani pale palikuwa na mti wa mkungu. Mnaujua mkungu? Majani yake mapana kama sahani, na ukiamua kuyaangusha haukuombi ruhusa. Jani likidondoka, puu! Bi Milia ameshafika. Likidondoka la pili, puu! Ameshafika. Mti ulikuwa ukimwangushia makusudi, mimi nadhani hivyo.

Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani yake: matuta ya mchicha, matuta ya mnavu, na bamia kidogo. Nyuma ya bustani kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio kulikuwa na kipande kingine cha ardhi, chake vilevile, ila huko alikuwa haendi. Wageni hawapiti huko, basi aende kufanya nini?

Jirani yake alikuwa Bi Ngiri. Jamani, Bi Ngiri! Uwanja wake una majani, una maganda ya ndizi, una mashimo. Bi Milia akipita, pua anaiinua juu kama mtu anayenusa mvua.

"Jirani," anamwambia, "leo tena hujafagia?"

"Nimefagia, jirani. Nimefagia sahani."

"Nasema uwanja!"

"Uwanja nimeuacha. Kuna wenzetu huku chini wanakula."

"Nani anakula takataka?"

"Pita ndani nikuonyeshe."

"Ahsante, nimetoka kuosha kwato."

Na Bi Milia huenda zake, mkia juu. Bi Ngiri naye hucheka peke yake, akamwaga maji aliyooshea mboga kwenye shina la mpapai.

Wakakaa hivyo, hadi siku moja kijana wa ng'ambo ya mto, jina lake Shangwe, akamposa Mashavu. Mashavu naye alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anatia chumvi kwenye uji, anatia sukari kwenye mboga, ukimwita anaitika "Abee" upande ambao hupo. Salha, usiiname. Sikukutaja wewe.

Lakini kwa punda milia wa zamani posa haikujibiwa kwa mdomo. Walikuwa na mila yao. Mvua za vuli zikiisha, mama wa kijana huja mwenyewe kwa mama wa binti. Hapewi kiti kwanza. Hupelekwa bustanini, achume mboga za aina tatu kwa meno yake mwenyewe, zipikwe, ale. Mboga ya kuazima haikubaliki. Mboga ya sokoni, ndiyo usiseme kabisa. Akizikosa tatu, hurudi kwao na njaa yake, na kijana hutafutiwa mchumba kwingine. Nyumba isiyojua kuotesha jani, itamfunza nini binti?

Bi Milia akapokea ujumbe wa Mama Shangwe. Akaruka kwa furaha, akaenda mbio kutafuta ufagio.

"Mwanangu," akasema, "mkwe wangu atakuta nyumba safi ambayo macho yake hayajapata kuona."

"Mama," akasema Mashavu, "anakuja kula mboga."

"Mboga zipo. Uwanja kwanza."

Ndipo Sungura akatokea. Na Sungura mnamjua, hakosekani penye mtu mwenye pupa. Alikuja na tenga mgongoni na heshima nyingi mdomoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia una ugeni. Majani haya ukiyarundika hapa karibu, upepo utakurudishia yote siku mkwe anaingia. Nipe mimi. Nitayabeba mpaka korongoni, kule mbali, yasijulikane yalikotoka. Ujira wangu mdogo tu: fungu la mchicha kwa kila tenga."

"Mtoto ana adabu huyu!" akasema Bi Milia. Wakakubaliana.

Basi Bi Milia akafagia mara ya kwanza. Akafagia uwanja wote wa mbele. Shwa, shwa, shwa! Akainua rundo la majani chini ya mkungu, na chini yake akamkuta mzee mmoja mweusi, mrefu, miguu mingi na haraka hana. Alikuwa Mzee Jongoo, anakula chakula chake cha asubuhi taratibu.

"Lo! Mdudu!" akapiga kelele Bi Milia.

"Umeamkaje, mwanangu?" akasema Mzee Jongoo.

Bi Milia hakumwamkia. Mzee Jongoo akafuta mdomo, akaimba. Nanyi muimbe nami, huu ni wepesi:

*Jani hunilisha mimi,*
*mimi nalisha udongo,*
*udongo walisha mboga,*
*mboga yakulisha wewe.*
*Ukimfukuza wa kwanza,*
*wa mwisho hulala njaa.*

"Mdudu, na nyimbo juu!" akasema Bi Milia. Akatafuta kitu cha kumtupia, akaona kijiti cha muhogo kilichobaki pale kando. Akamgusa nacho. Mzee Jongoo akajikunja kwenye kijiti. Bi Milia akazunguka nyuma ya nyumba, akavurumisha: jongoo na kijiti chake, vyuu, ng'ambo ya uzio.

Sungura akajaza tenga, akapokea mchicha wake, akatoka. Alipopinda nyuma ya uzio akasimama. Akalitazama korongo, lilikuwa mbali. Akalitazama jua, lilikuwa kali. Akautazama mchicha, ulikuwa hapo hapo.

"Korongo halijaniita," akasema. Akamwaga majani palepale nyuma ya uzio, akayakalia, akala, akalala. Alipoamka akajipaka mate usoni yawe jasho, akarudi anahema.

"Korongo ni mbali, Bi Mkubwa, we acha tu!"

"Pole, baba. Chukua fungu jingine la ahsante."

Siku zikapita. Uwanja ukang'aa. Lakini jua likaja, halikukuta jani la kulizuia. Likaikausha ardhi mpaka ikawa ngumu kama kigae. Bi Milia akimwagia bamia zake maji, maji yanateremka juu juu kama kwenye sinia, yanakwenda zake kwa jirani. Bamia zikainamisha vichwa, zikafa.

"Bamia hazina adabu," akasema Bi Milia. "Nitafagia zaidi."

Akafagia mara ya pili. Safari hii akafagia njia, akafagia chini ya migomba, akafagia kandokando ya matuta. Shwa, shwa, shwa! Alipoinua majani makavu ya mgomba, akamkuta nani?

Jongoo!

Ndiye. Mzee alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya uzio, mguu mmoja mmoja, na anayo mingi. Ndiyo kwanza anafika.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Wewe tena!"

"Hapa ni kwangu, nirudi wapi?" Mzee Jongoo akaimba. Haya, wote:

*Jani hunilisha mimi,*
*mimi nalisha udongo,*
*udongo walisha mboga,*
*mboga yakulisha wewe.*
*Ukimfukuza wa kwanza,*
*wa mwisho hulala njaa.*

Bi Milia akaokota kipande cha rando la viazi vitamu, lile tambazi lake, akamgusa. Mzee Jongoo akajikunja kwenye rando. Vyuu! Jongoo na rando lake, ng'ambo ya uzio. Sungura akaja, akajaza tenga, akala mchicha wake, akamwaga palepale, akalala palepale.

Mashavu akaona mambo yanaharibika. Akasema, "Mama, tuache majani kidogo. Matuta yanakauka. Na huu mchicha tunaompa Sungura, mkwe wako atakuja kula nini?"

"Mashavu, wewe mtoto. Unataka nichekwe?"

"Nataka niolewe, mama."

Alisema hivyo, wala hakuona haya. Bi Milia akajifanya hakusikia. Alisikia sana, lakini mtu akishaona haya ya uwanja haoni kitu kingine.

Siku zikapita. Upepo ukaja, haukukuta jani la kuushika. Ukauchota udongo wa juu, ule mwepesi mweusi wenye utamu wake, ukauinua, ukaondoka nao. Mnavu ukabaki mizizi nje, miguu mitupu. Ukafa nao.

Umebaki mchicha. Na mchicha wenyewe nusu umekwenda tumboni kwa Sungura.

Sasa sikilizeni Bi Milia alivyofanya, na msicheke kwa nguvu, kuna watu humu ndani wanafanya hayo hayo na hawana hata mistari. Akafagia mara ya tatu, na mara hii akafagia bustani yenyewe! Akapanda juu ya tuta na ufagio wake. Shwa, shwa, shwa! Akaondoa kila jani lililooza, kila unyasi uliofunika shina, kila ganda. Akachora mistari juu ya tuta la mchicha. Akarudi nyuma akatazama. "Hapo sasa," akasema, "mkwe akiona hapa atazimia."

Mwisho wa tuta, chini ya jani la mwisho kabisa, alikuwepo mtu.

"Umeamkaje, mwanangu?" akasema Mzee Jongoo. Alikuwa amechoka. Safari hii hakuimba wimbo wote. Aliimba mwisho wake tu, polepole:

*Ukimfukuza wa kwanza,*
*wa mwisho hulala njaa.*

Pale pembeni palikuwa na kipande cha boga kilichooza, mbegu zimo ndani. Bi Milia akakisukuma kwa kwato, Mzee Jongoo akajikunja juu yake. Vyuu! Jongoo na boga lake, ng'ambo ya uzio. Sungura akafuata na tenga lake.

Na safari hii Mzee Jongoo hakurudi. Alitazama huku na huku nyuma ya uzio. Akaona majani ya mkungu, tenga juu ya tenga. Akaona majani ya migomba. Akaona nyasi na maganda na kivuli. Akasema, "Kumbe mwanangu amenihamishia chakula chote huku, nami nalalamika?" Akaanza kula. Akawaita na Nyungunyungu, walimao udongo bila jembe, wakaja kula naye.

Vuli ikanyesha, wiki baada ya wiki.

Bi Milia alishangilia mvua ile. Alisema, "Sasa mchicha utapona." Lakini mvua ilipiga tuta tupu, haikukuta jani la kuipunguza kasi. Ikapasua tuta, ikabeba udongo, ikabeba mchicha na mizizi yake, ikabeba hata ile mistari. Maji yakateremka mekundu mpaka mtoni. Asubuhi vuli ilipokoma, palibaki mchanga na kokoto.

Jua lilichukua bamia. Upepo ukachukua mnavu. Mvua ikachukua mchicha. Na Bi Milia amesimama pale na ufagio mdomoni, hana cha kufagia.

Mashavu akatoka, akaona, akakaa chini akalia. Hakumlaumu mama yake, na hilo ndilo lililomchoma Bi Milia zaidi. Angalimlaumu angalimjibu.

Mchana ule ule ujumbe ukaja: Mama Shangwe ameshavuka mto, atafika jua likiegemea.

Hapo ndipo Bi Milia alipoujua mlango wa jirani. Alikwenda mwenyewe, pua chini safari hii, akapita juu ya majani, akapita juu ya maganda, akabisha.

"Hodi, jirani."

"Karibu, jirani. Angalia kwato zako."

"Jirani, nimepatikana. Mkwe yuko njiani na bustani yangu imekwenda na maji. Mwanangu atakosa mume kwa ajili yangu. Nipe mboga kidogo nizichomeke kwenye tuta, akija ajue ni zangu."

Bi Ngiri akamtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ameyaweka tangu masika. Akaona machozi ya mwenzake, akayameza yote isipokuwa moja.

"Kila siku nakwambia pita ndani nikuonyeshe," akasema. "Leo umepita, basi nitakuonyesha. Lakini si kwangu, kwako. Twende nyuma ya uzio wako."

"Nyuma ya uzio wangu? Kuna nini huko?"

"Mimi huwa nachimbua mizizi huko. Twende."

Wakazunguka uzio, Mashavu nyuma yao anafuta machozi. Na walipofika, Bi Milia alisimama miguu yote minne kama imepigiliwa misumari.

Kijiti cha muhogo kilikuwa kimeshika, kimetoa kisamvu kizito. Rando la viazi lilikuwa limetambaa, matembele yamejaa. Na boga! Boga lilikuwa limepanda juu ya rundo, limeshuka upande wa pili, limepanda uzio, majani yake makubwa kuliko masikio ya ndovu. Chini ya yote palikuwa na udongo mweusi, mwororo, unaonukia mvua. Huo ndio mboji, wanangu.

Na juu ya mboji, kati ya majani ya boga, alikuwa amelala Sungura. Tenga amelifanya mto. Tumbo li juu, na jani la tembele limening'inia mdomoni.

"Sungura!" akasema Bi Milia. "Hili ndilo korongo?"

Sungura akafumbua jicho moja. Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma yao.

"Hodi hapa? Nimebisha mbele, sikuitikiwa. Nimefuata harufu ya mboga."

Alikuwa Mama Shangwe, mnene, mistari mipana, vumbi la safari miguuni. Akatazama kisamvu. Akatazama matembele. Akatazama boga. Mate yakamjaa mdomoni, akayazuia kwa heshima.

"Bustani ya nani hii?" akauliza.

Sungura akaruka. "Yangu! Mimi nimeitengeneza. Kila tenga la majani unaloliona hapa nimelibeba kwa mgongo wangu."

"Hongera, kijana. Uliyatoa wapi majani?"

"Kwa Bi Mkubwa huyu."

"Akakwambia uyalete hapa?"

Sungura akapiga hesabu kichwani. Akisema ndiyo, Bi Milia yuko mbele yake. Akisema hapana, atarudisha mchicha wote aliokula. Jani la tembele likamdondoka.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo, "si yangu sana."

Mama Shangwe akamgeukia Bi Milia. "Mwenzangu, basi ni yako. Umeipanda wewe?"

Mashavu akamtazama mama yake. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Aseme "Ndiyo," na posa imejibiwa, na nani angalijua? Bi Ngiri ni jirani, angalinyamaza. Sungura asingaliweza kusema.

Ndipo jani moja la boga likatikisika. Mguu ukatoka. Mwingine ukatoka. Mwingine ukatoka. Mzee Jongoo alikuwa anatoka kuwaamkia wageni, na mnajua akitoka huchukua muda wake.

Bi Milia akamwona. Akainamisha kichwa mpaka chini.

"Shikamoo, Mzee Jongoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka vibaya." Kisha akamgeukia Mama Shangwe. "Mkwe, sikupanda. Nilitupa. Kila kilichoota hapa nilikitupa kwa kuwa kinachafua uwanja wangu. Mzee huyu nilimtupa mara tatu, bila kumwamkia hata mara moja. Bustani niliyoipanda iko pale ndani, nimeifagia, haina kitu. Nilitaka ukute pasafi. Kama kuna wa kukataliwa nikatae mimi, lakini binti yangu hana kosa. Yeye aliniambia niache majani."

Mama Shangwe akaanza kucheka. Alicheka tumbo likatikisika, mistari ikacheza.

"Mwenzangu," akasema, "nimevuka mto mzima, kwato zinaniuma. Mistari ninayo mgongoni. Nimekuja kula."

Akainama, akachuma kisamvu, akachuma matembele, akachuma majani ya boga, aina tatu, kwa meno yake mwenyewe, juu ya ardhi ya Bi Milia. Na binti aliyejua kuacha majani, akasema, huyo anamtaka hata leo. Mashavu alipiga kigelegele mwenyewe, akasahau kwamba anapaswa kuona haya. Bi Ngiri akakidakia, na cha ngiri mnakijua, kijiji kizima kilitoka nje.

Sungura je? Alianza kunyemelea pembeni, Mama Shangwe akamkanyagia tenga. Akahukumiwa kuyarudisha majani, tenga kwa tenga, kutoka nyuma ya uzio mpaka kwenye matuta yaliyochakaa, kuyafunika mpaka mche mpya uote, kazi ile ile aliyoilia mchicha. Na kila tenga alitakiwa auimbe wimbo wa Mzee Jongoo kwa sauti, watu wasikie. Tuuimbe naye, tumsaidie maskini:

*Jani hunilisha mimi,*
*mimi nalisha udongo,*
*udongo walisha mboga,*
*mboga yakulisha wewe.*
*Ukimfukuza wa kwanza,*
*wa mwisho hulala njaa!*

Mashavu akaolewa. Mabinti wengine hupelekwa kwa waume na vyombo na mikeka. Yeye alipelekwa na vyombo, mikeka, na tenga moja la mboji, na ndani yake wajukuu wa Mzee Jongoo wamelala.

Bi Milia aliacha majani yalale bustanini. Maji ya kuoshea mboga akawa hayamwagi tena njiani, anayapeleka kwenye shina. Na Bi Ngiri akija, anamkaribisha ndani bila kutazama kwato. Lakini ugonjwa wa ufagio haukumtoka wote, nisiwadanganye. Mlangoni alijiachia kipande kidogo, upana wa mkeka, anakifagia kila asubuhi mistari yake. Jani la mkungu likidondoka hapo, puu, analichukua taratibu, analipeleka kwenye tuta, anasema, "Chakula cha mzee."

Na tangu siku hiyo, ukimgusa jongoo hujikunja. Hakuogopi. Anangoja kujua leo unamtupa na nini. Wahenga nao wakasema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Walisema kweli, ila hawakumalizia. Huo mti nenda ukautazame, huenda umeota.

Funzo lake ni hili. Ardhi nayo hula, kama wewe. Ukiivua nguo kila asubuhi ili majirani wakusifu, ukaunyima udongo chakula chake, nawe utanyimwa chako. Usafi ni kitu chema, fagieni nyumba, fagieni sahani. Lakini jani la mti ni deni la mti kwa udongo. Usilifagie ukalitupa, na usilichome moto ukajisifu.

Ngano yangu nimeipeleka mpaka jaani na nimeirudisha. Iliyo tamu mgawane. Iliyo chungu niachieni, nitaifukia, nayo itaota.

Haya, kunde zimekwisha? Salha, hayo maganda unayapeleka wapi na kiberiti? Rudi hapa.